Kijana aliyeumia ubongo afunzwe kujitetea

Kidonda cha kichwani hupona, lakini jeraha la ubongo halionekani. Kijana aliyeanguka na pikipiki hurejea shuleni akiwa mzima machoni pa walimu, ilhali husahau upesi, huchoka haraka na hutatizwa na kelele. Matokeo yake, huitwa mzembe.

Njia ya kumwondolea lawama hiyo ni kumfunza kueleza mambo matatu: kilichompata, kinachomlemea na kinachomfaa, mathalani kuandikiwa maagizo au kuongezwa muda. Aanze kwa mazoezi nyumbani. Mbele ya mwalimu, mzazi amwache atangulie kusema, kisha ajazie alichosahau.

Huko si kuomba hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata elimu.