Mistari Michache Iliyookoa Flashi za Kericho

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha rasmi kuitunza Windows 10. Habari hiyo ilifika Kericho na Bomet msimu wa bonasi ya chai, na bonasi yenyewe ilikuwa imeshuka. Mkulima anayenung'unikia malipo ya kiwanda hakimbilii kumnunulia mwanawe laptopu mpya. Ya zamani itavumiliwa, na mara nyingi kinachoiwezesha kuendelea ni faili ndogo ya amri iliyoandikwa na mtu asiyejulikana jina.

Huku kwenye majani chai, ukitaja mashine wengi hukumbuka zile za kuchuma zilizoteketezwa na waandamanaji Mei 2023. Hizo zimeandikwa vya kutosha. Faili hizi ndogo hazina mwandishi wala makumbusho.

Asili yake haina siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin alikuwa chuo cha MIT, Marekani. Alichoka kuandika amri zilezile kila siku, akabuni RUNCOM, programu iliyosoma orodha ya amri ndani ya faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine.

Kilichofuata, yaani kuficha faili za namna hii, kilizua lawama. Mwaka 2012, Rob Pike, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Bell, alisimulia jinsi faili zilizofichwa zilivyozaliwa kwa bahati mbaya. Katika mfumo wa Unix, kila folda ilikuwa na majina mawili ya kiufundi, moja la nukta moja na lingine la nukta mbili. Ili yasimsumbue mtumiaji, mmoja wa waundaji wake, ama Ken Thompson ama Dennis Ritchie, aliiagiza ls, programu ya kuorodhesha faili, iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Ilikuwa njia ya mkato. Angelinganisha majina hayo mawili tu, yote yangekwisha pale pale. Badala yake, faili yoyote yenye nukta mbele ikawa haionekani, na waandishi wa programu wakaanza kuficha mipangilio yao humo. Pike hakubishi kwamba faili hizo zina kazi. Alichokataa ni kuzificha: zingeweza kukaa kwenye folda ya kawaida, kama walivyofanya baadaye katika mfumo wa Plan 9. Hoja yake ina uzito, lakini ilikuja wakati dunia nzima imeshazoea nukta.

Upande wa DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, faili ya mipangilio iitwayo CONFIG.SYS ilikuja mwaka 1983, na watu wakajifunza kuihariri kwa mkono ili programu zao zitoshe katika kilobaiti 640.

Serikali ya Kenya iliondoa kodi kwenye kompyuta mpya mwaka 2006, na miaka mitatu baadaye nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa. Kompyuta zikaenea, na flashi nazo zikawa zinazunguka: kutoka chuoni hadi saiba, yaani vibanda vya intaneti, kutoka saiba hadi ofisini. Virusi vikasafiri nazo.

Kirusi kilichowatesa watu zaidi hakikufuta kitu. Mwanafunzi angefika saiba kuprinti ripoti, achomeke flashi, akute kila folda imegeuka njia ya mkato. Akibofya, folda ilifunguka kama kawaida, lakini kirusi nacho kilikuwa kimeamka na kuingia kwenye kompyuta. Folda halisi zilikuwa palepale, zimepewa alama mbili, ya kufichwa na ya faili za mfumo, kwa hiyo hata aliyeagiza Windows imwonyeshe faili zilizofichwa hakuziona. Wengi waliformati flashi na kupoteza kazi ya muhula mzima, ilhali haikuwa imeenda popote.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ambapo E ni herufi ya flashi. Fundi aliuandika kwenye Notepad, akauhifadhi kwa jina linaloishia .bat, na tangu hapo akawa anabofya mara mbili tu. Wengine walitangulia adui kwa kutengeneza folda tupu iitwayo autorun.inf, ili virusi vya aina nyingine, vilivyotegemea faili ya jina hilo, vikose pa kuiandika. Microsoft yenyewe ilisambaza sasisho la kuzima autorun ya flashi kwenye XP na Vista mwaka 2011, wakati kirusi cha Conficker kilikuwa kimetamba tangu mwishoni mwa 2008. Mafundi wa vichochoroni walikuwa mbele ya kampuni, na hakuna aliyewaandikia hata shukrani.

Baadaye zikaja huduma za serikali za mtandaoni, iTax na eCitizen, simu zikachukua kazi nyingi za saiba, na mstari huo ukaanza kusahaulika.

Sasa Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Tayari kuna faili ndogo inayoongeza kwenye rejista ya Windows kipengele kiitwacho BypassTPMCheck, ili usakinishaji uendelee. Microsoft imeonya kwamba mashine zilizopitishwa mlango huo hazina uhakika wa kupata masasisho.