Axolotl Hatatoboa Mombasa

Maze, tangu Minecraft iingize axolotl mwaka 2021, kila mara kuna mtu ananiuliza atampata wapi hapa kisiwani. Kabla hujatuma pesa, skiza alikotoka.

Kwao ni Xochimilco, Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huko ni baridi. Mwaka 1864, jeshi la Ufaransa likiwa bado vitani Mexico, axolotl 34 walikuwa wameshafikishwa Paris. Sita wakapewa mwanasayansi Auguste Duméril: madume watano, jike mmoja. Wakazaana balaa, watoto wakagawanywa Ulaya. Axolotl wengi wa maabara leo ni uzao wao.

Duméril alitaka kujua: yale matamvua ya nje, yanayoning'inia kichwani kama matamvua ya kikoi (neno ni lile lile, na linamfaa kabisa), ndiyo yanayomfanya aishi majini? Akayakata. Mwaka 1867 akaripoti kuwa mnyama aliendelea na maisha majini kama kawaida. Anapumua pia kwa ngozi na mapafu. Na matamvua yakikatika huota tena, polepole.

Sasa watu wakisikia "huota tena" wanadhani hafi. Yanaota kama kilichoyaharibu kimeondoka. Huku kinachoyaharibu ni joto, na joto haliondoki. Axolotl anataka nyuzi 16 hadi 18. Zikipita 24 anateseka. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo wakati mwili wake unaitaka zaidi. Kuvu inaingia. Maji yasipobadilishwa, amonia ya kinyesi chake inachoma matamvua yananyauka. Hata nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene za mawe, mwezi wa Julai, haifiki 18. Utanunua mashine ya kupoza maji, halafu stima ipotee mchana kutwa. Chupa za barafu? Maji yanapanda yakishuka, nayo pia inamuumiza.

Akina mama sokoni wanalijua hili bila Duméril: wanamfunua samaki shavu, matamvua yakiwa yamefifia wanapita.

Kama ni matamvua ya nje unapenda, Ziwa Victoria kuna kamongo. Akiwa mchanga anayo pia, kisha yanapotea, anavuta hewa kwa mapafu, na joto letu halimtishi. Ila anapita mita moja na anauma. Kisumu hawamfugi, wanamkaanga.