Nyumba za Mji wa Kale na wasia uliochakaa

KATIKA mitaa ya Mji wa Kale, Mombasa, kama Kibokoni na Ndia Kuu, si ajabu kukuta nyumba yenye warithi wengi ilhali hatimiliki ingali na jina la babu aliyefariki zamani. Mirathi isipogawanywa, kila kifo kipya huzidisha warithi. Hakuna awezaye kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya wenzake, na paa likivuja kila mmoja humngojea mwingine.

Sheria ya Urithi ilianza kutumika nchini Kenya Julai 1, 1981. Marekebisho ya 1990 yaliwaruhusu Waislamu kurithiana kwa sheria ya Kiislamu, ingawa taratibu za usimamizi wa mali ya marehemu bado zinawahusu. Anayeingilia mali hiyo bila idhini, hata kwa kupokea kodi ya wapangaji, anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, Mahakama ya Kadhi husikiza mirathi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake.

Kwa Mwislamu, gharama za maziko na madeni hulipwa kwanza. Wasia hufuata, nao hauzidi thuluthi ya kilichobaki, wala haumpi mrithi ila wenzake wakiridhia. Kisha hugawanywa mafungu. Aliyeacha mke, mwana wa kiume na wa kike, mali yake huwa mafungu 24: mke 3, mwana wa kiume 14, wa kike 7.

Hapa ndipo umuhimu wa kuupitia wasia upya unapoonekana. Mwana akifariki kabla ya baba yake, watoto wake huzuiwa na ami yao aliye hai, wasirithi chochote kwa babu. Babu anaweza kuwaachia sehemu ndani ya ile thuluthi, lakini wasia ulioandikwa kabla ya msiba huo hauwataji.

Kwa wasio Waislamu, wasia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Yafaa shahidi asiwe miongoni mwa wanaoachiwa mali, asije akapoteza alichoachiwa. Ndoa mpya hubatilisha wasia wa awali, isipokuwa uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Wasia wa mdomo hufaa tu ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili na mwenyewe akafariki ndani ya miezi mitatu.

Kisiwani Mombasa wapo pia wenye nyumba wasiomiliki ardhi iliyo chini yake. Hao wahifadhi mkataba na stakabadhi za kodi ya ardhi, kwani warithi watarithi nyumba bila kiwanja. Nyumba iliyowekwa wakfu nayo haigawanywi kama mirathi. Hati yake iwekwe pamoja na nyaraka nyingine. Wakfu sasa zinaongozwa na sheria ya mwaka 2022.

Basi orodha ya mali, madeni na nyaraka ipitiwe kila pazukapo ndoa, talaka, kuzaliwa, kifo au ununuzi, na msimamizi aliyeteuliwa ajulishwe ilipo. Wahenga walinena: mali bila daftari, huisha bila habari.