Lenzi za Picha Zilivyohamia Kwenye Kamera za Video

Tarehe 9 Julai 2011, bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa Juba, kwenye viwanja vya kaburi la John Garang. Mwaka huohuo Woyee, kikundi kilichoanzishwa na vijana waliokuwa wakimbizi Kakuma, Kenya, kilitoa filamu ya Jamila. Taifa lilizaliwa wakati mzuri kwa mpiga filamu asiye na fedha: lenzi za kawaida za picha zilikuwa zimeanza kufanya kazi ya video.

Haikuwa hivyo zamani. Canon XL1 ya 1997 ilipokea lenzi za picha kwa adapta, lakini kihisi chake kilikuwa kidogo mno hata lenzi ya milimita 50 ikavuta kama ya 360. Ilifaa kumfuata mnyama mbugani. Chumbani ilionyesha pua tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, P+S Technik ya Ujerumani ikaleta Mini35: lenzi ilitupa taswira kwenye kioo chenye ukungu, na kamera ikarekodi kioo hicho. Picha ilipendeza, ila mtambo ulikuwa mzito, wa ghali, na ulikula mwanga.

Kisha zikaja Nikon D90 na Canon 5D Mark II, zote za 2008, kamera za picha zenye uwezo wa kurekodi video.

Mlango hasa ulifunguliwa na kamera nyembamba. Sony FS100 ya 2011 ina milimita 18 tu kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kihisi. Lenzi za Nikon, tangu 1959, zinahitaji 46.5. Adapta ni bomba la chuma linalojaza hizo 28.5 zilizobaki, halina kioo ndani, kwa hiyo haliharibu taswira. Mwaka 2013 Metabones ikaongeza vioo kwa makusudi: Speed Booster yake hukusanya taswira na kuongeza mwanga takriban maradufu, msaada mkubwa kwa anayerekodi usiku bila taa.

Tangu 2016 Juba ina tamasha lake la filamu, lililoanzishwa na Simon Bingo, na vijana wanaotaka kushiriki wasikatishwe tamaa na bei za lenzi za sinema. Mwenye lenzi kuukuu kabatini aimulike kwanza: kama haina kuvu na pete yake ya kurekebisha mwanga bado inazunguka, ainunulie adapta. Isiyo na pete hiyo huenda ikahitaji adapta ya umeme, ambayo kwa kawaida bei yake ni kubwa zaidi. Na katika vumbi la kiangazi cha Juba, asibadilishe lenzi barabarani.