Mgawa Zamu: Jina la Kinachoendesha Dirisha la Programu

Programu ya kompyuta ikiacha kuitikia, Watanzania wengi hutumia neno moja: imeganda. Neno hilo utalisikia kwenye maduka ya kuchapa na kutoa nakala Korogwe mjini, utalisikia Handeni, na ukipanda milimani hadi Bungu utalikuta vilevile. Ni neno zuri, fupi, na linasema kwa usahihi kile jicho linachokiona: dirisha limesimama, kitufe hakibonyei, maandishi hayatokei. Upungufu wake ni kwamba linaishia kwenye kinachoonekana. Halisemi nani kazuia nini. Kwa sababu hiyo tiba inayofuata huwa ya kubahatisha. Mashine inaambiwa imezeeka, inaongezwa memori, inapigwa Windows upya, na wiki inayofuata dirisha lilelile linasimama palepale. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Kosa limo ndani ya programu, mahali pamoja panapojulikana, na waandishi wa programu wanapaita kwa Kiingereza event loop. Nadai hapa kwamba kwa Kiswahili sehemu hiyo iitwe mgawa zamu, na kwamba jina hilo, zaidi ya kupendeza, linamwelekeza mwandishi wa programu mahali pa kutafuta kosa.

Tuanze na kazi yenyewe. Programu rahisi isiyo na dirisha huanza mstari wa kwanza wa msimbo, hushuka hadi wa mwisho, ikaisha. Programu yenye dirisha haiwezi kwenda hivyo, kwa kuwa haijui mtumiaji atafanya nini baadaye: abofye kitufe, aandike herufi, alivute dirisha pembeni, au alifunge. Kila kimoja cha vitendo hivyo ni tukio. Mfumo endeshi hulipokea tukio kutoka kwenye kibodi au kipanya na kulipanga kwenye foleni ya programu husika. Ndani ya programu kuna kipande kidogo cha msimbo ambacho huchukua tukio lililo mbele, huita msimbo unaolihusu, hungoja umalize, kisha huchukua linalofuata. Kulichora dirisha upya nako ni tukio, linangoja kama mengine. Foleni ikiwa tupu, kipande hicho hulala na hakitumii nguvu ya kichakataji. Windows inafanya hivyo, na vyombo vya kutengenezea madirisha kama Java Swing, Qt na Tkinter ya Python pia. Majina ya amri yanatofautiana, utaratibu ni mmoja.

Tafsiri inayokuja haraka kichwani ni mzunguko wa matukio, na wapo wanaopendelea kitanzi. Zote mbili zimefuata umbo la msimbo, kwa sababu ni kweli kwamba ukilifungua faili utakuta amri inayorudiarudia. Lakini umbo hilo ndilo lenye maana ndogo kuliko yote. Mwanafunzi anayeambiwa mzunguko huona kitu kinachozunguka bila kukoma, naye huandika msimbo unaouliza mara elfu kwa sekunde kama kuna jambo jipya. Programu yake inakula kichakataji chote hata pale mtumiaji alipokwenda kunywa chai. Mzunguko vilevile hautaji mtu wa pili. Hauonyeshi kwamba kuna anayengoja nyuma, wala kwamba aliye mbele anaweza kumnyima. Kitanzi kinaongeza ubaya mwingine: kwa msikilizaji wa kawaida ni kitu cha kunasia au kunyongea, na sioni kwa nini mtu anayejifunza aanze kwa kulifuta hilo akilini. Istilahi inayoeleza umbo na kuacha kazi inamlazimisha mwalimu aeleze mara mbili.

Zamu ni neno ambalo Kiswahili kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Shule ina mwalimu wa zamu, kiwanda kina zamu ya usiku, hospitali ina muuguzi wa zamu. Kwa watu wa Handeni neno hili lina uzito zaidi, kwa sababu wilaya hiyo ni kavu na kwa miongo mingi imetegemea maji yanayosukumwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Bombani ndoo hupangwa mstari, na mtu anayesimamia kituo huita mwenye ndoo ya mbele. Ndoo ya lita 20 hujaa, hutolewa, inaingia nyingine. Sasa afike mtu na tangi la lita 1,000, na zamu yake ikifika alifungulie bomba. Bomba ni zima. Maji yanatoka kwa kasi ileile. Msimamizi yupo. Ila mstari wote umesimama, na aliye mwisho, asiyeliona tangi, ataapa kwamba maji yamekatika. Hivyo ndivyo programu inavyoganda. Hakuna kilichovunjika, kuna aliyeingia na kazi kubwa mahali palipowekwa kwa ajili ya kazi ndogondogo. Wa kuhoji ni yule aliyeshika zamu, na neno mgawa zamu linaleta swali hilo mdomoni bila kulazimishwa.

Tuchukue programu ya mfano ya kusajili wakulima, yenye dirisha moja na kitufe kilichoandikwa Pakia Orodha. Kitufe hicho kinasoma majina 8,000 kutoka kwenye jedwali na kuyaandika kwenye hifadhidata, kazi ya sekunde 40. Mwandishi wa programu aliijaribu kwa majina 20 na ikapita mara moja, akaridhika. Karani anapobofya, msimbo wa kupakia unashika zamu. Kitufe kinabaki kimebonyea kwa sababu tukio la kukichora kikiwa kimeachiwa lingali kwenye foleni. Karani anadhani hakubofya vizuri, anabofya tena, na tena. Sekunde 5 zikipita bila programu kuchukua tukio lolote, Windows huliona dirisha kuwa halijibu, hulifunika kwa nakala yake iliyofifia na kuandika juu yake kwamba programu haijibu. Sekunde ya 40 kazi inaisha, foleni inaanza kusogea, na ile mibofyo miwili ya mwanzo, iliyoingia kabla ya nakala kuwekwa, inatekelezwa kwa utii kamili. Kama hifadhidata haikuwekewa kinga, orodha imeingia mara tatu. Msimamizi wake akija atasema programu iliganda kisha ikaharibu kumbukumbu, akihesabu makosa mawili, wakati kosa ni moja: zamu iling'ang'aniwa.

Ukishaliita kosa hivyo, tiba zinajitaja zenyewe. Ya kwanza ni kuigawa kazi: pakia majina 100, achia zamu, rudi mwisho wa foleni, chukua mengine 100. Tkinter ina amri ya kumwomba mgawa zamu akuite tena baada ya muda mfupi, na inatosha kabisa kwa kazi za aina hii. Ya pili ni kuipeleka kazi nzima kwenye uzi mwingine, yaani mkondo wa pili wa utekelezaji ndani ya programu ileile, ili uzi mkuu unaobeba dirisha ubaki na nafasi. Java ilileta chombo maalumu cha kazi hiyo ndani ya Swing katika toleo la 6, mwaka 2006. Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa tena. Uzi wa pembeni ukimaliza, hauruhusiwi kuligusa dirisha. Unapaswa kupanga tukio kwenye foleni, kwamba kazi imekwisha na matokeo ni haya, kisha mgawa zamu alifikishe kwa uzi mkuu zamu yake ikifika. Anayekiuka kanuni hii huona programu ikifanya kazi siku tatu na kuanguka siku ya nne bila sababu inayoonekana.

Kwa nini kanuni iwe kali hivyo? Wengi wamejaribu kutengeneza madirisha yanayoweza kuguswa na uzi wowote. Mwaka 2004 Graham Hamilton, aliyekuwa mhandisi wa Sun Microsystems, aliandika akieleza kwa nini majaribio hayo yalikuwa yakishindwa. Matukio hutoka chini, kwenye mfumo endeshi, yakapanda kuelekea programu. Amri za programu hutoka juu zikashuka kuelekea mfumo. Kila upande ukifunga kufuli njiani kwa ajili ya usalama, zitafungwa kwa mpangilio ulio kinyume, na siku pande mbili zikikutana katikati, kila mmoja atakuwa ameshika kufuli analolihitaji mwenzake. Hapo hakuna wa kuachia. Ndiyo maana karibu wote walirudi kwenye foleni moja, uzi mmoja, na mgawa zamu mmoja. Naona jambo hili linastahili kufundishwa pamoja na sababu yake, maana kanuni isiyoelezwa huvunjwa mara ya kwanza inapokera.

Historia nayo inaunga mkono neno hili kwa namna ambayo mzunguko hauwezi. Kwenye Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, programu zote za biti 16 ziligawana foleni moja ya kibodi na kipanya. Programu moja ikikataa kuachia zamu, nyingine zote zilisimama nayo. Macintosh ilibaki na utaratibu wa kutegemea hiari ya kila programu hadi Mac OS X mwaka 2001. Siku hizi kila programu ina foleni yake, na mfumo endeshi unaweza kuupokonya uzi kichakataji bila kuuomba ruhusa. Kwa hiyo maradhi yamepungua eneo: zamani iling'ang'aniwa mashine nzima, leo linang'ang'aniwa dirisha moja. Ndani ya dirisha hilo mambo hayajabadilika.

Pingamizi la kwanza, na nalichukua kwa uzito, ni kwamba anayeandika programu Tanzania anasoma vitabu vya Kiingereza, amri ni za Kiingereza, na kumpa neno la Kiswahili ni kumbebesha mzigo wa pili. Kuna ukweli humo. Lakini tazama juhudi zilizotangulia zilielekea wapi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ikatoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows. Kazi hizo zilitafsiri kile mtumiaji anachokisoma: faili, hariri, dirisha, chapisha. Zilikuwa za lazima na nazithamini. Ila lugha ya mtengenezaji, anayohitaji kuwaza kwayo kabla ya kuandika amri, haikuguswa kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba karani na mwandishi wa programu hawana neno la kukutania. Mmoja anasema imeganda, mwingine anajibu kwa Kiingereza, na taarifa ya kosa inapotea katikati. Mgawa zamu ni neno ambalo karani ataelewa nusu yake kabla hajaelezwa, na nusu hiyo inatosha kumfanya aseme jambo la maana: nilibofya Pakia Orodha, kikashika zamu hakikuachia.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi. Anayegawa zamu, watasema, ana mamlaka: anaweza kumwondoa aliyezidisha. Kipande hiki cha msimbo hakiwezi. Kikishaita msimbo wa tukio, hakina nguvu hadi wenyewe urudi. Ni kweli, na nisingependa neno lififishe hilo. Lakini kugawa si kupokonya. Mgawaji hutoa, na kuchukua tena alichotoa ni kitendo kingine kabisa ambacho neno halikukiahidi. Zaidi ya hapo, zamu haimaanishi kwamba aliyefika kwanza ndiye atakayetangulia daima, na kwenye Windows haiko hivyo: tukio la kuchora dirisha na lile la saa hungoja mpaka mengine yaishe. Neno foleni peke yake lingedanganya hapo. Zamu inaruhusu kupanga nani atangulie, kama kila anayepanga zamu ajuavyo.

Neno hupimwa pia kwa uzao wake. Kutoka mgawa zamu napata mwenye zamu kwa msimbo unaoshughulikia tukio, kung'ang'ania zamu kwa kosa, kuachia zamu kwa tiba, na kupisha kwa jambo ambalo limekuwa gumu kulitafsiri. Lugha ya C# ilipoingiza mwaka 2012 amri ya kusimamisha kazi katikati hadi jibu la mbali lifike, neno la Kiingereza lililochaguliwa lina maana ya kungoja, na wanaotafsiri huandika subiri. Mwanafunzi anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini dirisha linaendelea kuitikia ikiwa limeambiwa lisubiri. Linaitikia kwa kuwa msimbo haukusubiri ukiwa umeshika zamu. Uliweka alama pale ulipofika, ukatoka mstarini, na utaitwa tena jibu likifika. Kwa Kiswahili amri hiyo inapaswa kusomwa pisha: pisha mpaka jibu lije, kisha endelea.