Maana ya Ndoa katika Sheria na katika Nchi ya Wamwera

Uganda iliibadili Katiba yake mwaka 2005 ili kukataza ndoa ya watu wa jinsia moja. Kenya, katika ibara ya 45 ya Katiba ya 2010, iliweka haki ya mtu mzima kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Katiba ya Tanzania ya 1977 haikueleza maana ya ndoa, kwa kuwa kazi hiyo ilikwisha fanywa na Sheria ya Ndoa ya 1971, baada ya rai za wananchi kusikilizwa.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1, uliopendekeza ndoa za dini, za mila na za kiserikali ziwe chini ya sheria moja. Ubishi ulikuwa mkubwa, hasa juu ya shauri kwamba mume asioe mke wa pili pasipo ridhaa ya wa kwanza. Wanawake wa UWT waliunga mkono. Wanaume wengi walipinga. Sheria ilipotoka, ridhaa hiyo ilikuwa imepungua ikawa haki ya mke kuweka pingamizi. Ndoa yenyewe ilielezwa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao.

Katika maelezo hayo wamo watu wawili tu. Narung'ombe, upande wa Ruangwa uliokuwa zamani chini ya Nachingwea, ni nchi ya Wamwera, na kwao ndoa ni jambo la koo mbili. Kwa mila yao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa ya mpwawe. Lakini kifungu cha 17 kilimtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Baba akiwa amekufa, ya mama. Na wote wakiwa wamekufa, ya mlezi. Mjomba hakutajwa. Basi sheria iliyokusudia kupatanisha mila ilifuata, pasipo kutangaza, mila ya ukoo wa baba.

Kifungu cha 13 nacho kiliruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18, na msichana kuolewa akiwa na 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Hivyo Katiba isiyoeleza maana ya ndoa ndiyo iliyotumika kuipima hiari iliyomo ndani yake. Mizani ilikuwa usawa wa msichana na mvulana; neno la mjomba halikupimwa.