Kinga kwa Mwendesha Kinga: Hoja ya Kuwafundisha Mzazi na Mtoto Pamoja Kusini mwa Maniema

Ikisiri

Makala hii inajadili mafunzo ya kuendesha baiskeli kwa usalama huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inadai kwamba mahali ambapo baiskeli ndiyo gari la familia, kumfundisha mtoto peke yake hakutoshi. Mzazi, na hasa mama, ndiye anayeamua mtoto apande baiskeli ipi, ibebe nini, ipite wapi na breki zitengenezwe lini. Kwa kulinganisha na mifano ya India, Zambia, Uholanzi na Dar es Salaam, makala inapendekeza somo moja la mzazi na mtoto, kwa Kiswahili, katika uwanja wa shule.

Utangulizi

Mtoto wa miaka tisa hafiki kwenye kiti cha baiskeli ya baba yake. Kwa hiyo anasimama upande wa kushoto, anapitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu mpaka ufikie pedeli ya upande wa pili, kisha anasukuma. Mwili umepinda, baiskeli nayo imeinama upande wa pili ili isianguke. Mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia umekumbatia kiti. Katika mkao huo mtoto anafikia breki moja tu kati ya mbili, na mara nyingi hiyo moja ni ile iliyokwisha mpira. Mteremko unapoanza, kinachobaki ni nyayo zake.

Ndivyo wanaume wengi wa Afrika ya Mashariki na Kongo walivyojifunza, na wengi hulikumbuka jambo hilo kwa furaha. Kwa Kiswahili cha Kongo baiskeli huitwa kinga. Katika Kiswahili sanifu neno hilohilo lina maana ya kitu kinachozuia madhara yasitokee. Makala hii inashughulikia pengo lililopo kati ya maana hizo mbili.

Gari la familia

Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, inapita Kibombo na Samba, magharibi mwa mto Lualaba. Mji wa Kasongo uko ng'ambo ya pili, na Kabambare iko mbali zaidi kuelekea mashariki, kwa hiyo zote mbili zilitegemea barabara. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipomalizia kuharibu barabara ambazo tayari zilikuwa zimechoka, mizigo ilibaki juu ya baiskeli: mchele, karanga, mafuta ya ngazi (mawese), mbuzi, wagonjwa. Kisangani, chini zaidi kwenye mto huohuo, baiskeli za abiria zilipata jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite".

Baiskeli iliyopakiwa sawasawa haipandwi, inasukumwa. Mfanyabiashara hufunga fimbo kwenye usukani ili aongoze akiwa pembeni, na nyingine nyuma ya kiti ili apate pa kusukumia. Mtoto wake humfuata, akisaidia mlimani na kuzuia mteremkoni. Hapo ndipo anapopata somo lake la kwanza la breki, miaka mingi kabla hajakaa kwenye kiti.

Mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni pikipiki, ambazo hupita njia zilezile nyembamba kwa mwendo ambao mtoto hajazoea kuukadiria. La pili ni shule. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo iliyoahidiwa na Katiba ya 2006, watoto wengi zaidi wanatembea asubuhi kwenda darasani, na kila familia yenye baiskeli hujiuliza kama mtoto anaweza kuitumia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Waendesha baiskeli ni asilimia 6 ya vifo hivyo, na watembea kwa miguu ni asilimia 23. Mtoto wa Kasongo yumo katika makundi yote mawili kwa siku moja.

Hoja mbili zisizotosha

Hoja ya kwanza husema kwamba mtoto hujifunza mwenyewe. Ina ukweli wake. Kusawazisha mwili juu ya magurudumu mawili hakufundishwi kwa maneno. Mwili wenyewe huvumbua kwamba baiskeli ikilalia kulia, usukani nao ugeuzwe kulia kidogo, na gurudumu litarudi chini ya uzito. Karl Drais wa Ujerumani alionyesha hilo mwaka 1817 kwa chombo cha mbao kisicho na pedeli. Vijana wa Goma huonyesha jambo hilohilo kila siku kwa chukudu, kile chombo cha mbao kinachoshuka milimani na magunia ya viazi na makaa.

Lakini kusawazisha ni sehemu ndogo ya kuendesha. Kukadiria mwendo wa pikipiki iliyo nyuma, kujua kwamba breki ya mvua si breki ya kiangazi, kukataa kumpakia mdogo wake kwenye usukani: mambo hayo mwili hauyavumbui ila kwa kuvunjika, na mfupa si daftari la kujaribia.

Hoja ya pili hutoka kwa wafadhili, nayo ni kofia ngumu na alama za barabarani. Kofia hupunguza majeraha ya kichwa, tafiti nyingi zimethibitisha hivyo, na mtoto anayepewa kofia aivae. Hata hivyo mpango unaoanza na kofia unaanza na kitu ambacho familia ya vijijini, kama Lusangi au Kipaka, haiwezi kukinunua sokoni, huku mipira ya breki, ambayo fundi wa kijiji anayo, ikisahauliwa. Alama nazo zinataka barabara ya kuziweka. Njia ya mchanga kati ya vijiji viwili haina.

Kwa nini mzazi, na kwa nini mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya ya Pudukkottai, jimbo la Tamil Nadu nchini India, kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika iliongeza somo ambalo halikutarajiwa: baiskeli kwa wanawake. Maelfu ya wanawake wa vijijini, wakiwemo Waislamu, walijifunza. Mwandishi P. Sainath, aliyeifuatilia kampeni hiyo, alieleza jinsi mama aliyeweza kuendesha alivyoacha kumngoja mume au basi, na jinsi alivyopeleka mwenyewe mazao sokoni na mtoto mahali alipohitajika. Matusi ya siku za kwanza yalikuwepo. Yalipungua kadiri idadi ya waendeshaji ilivyoongezeka.

Jimbo jingine la India, Bihar, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana katika sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Zambia, ambako shirika la World Bicycle Relief limegawa baiskeli kwa wasichana wa vijijini, utafiti ulionyesha kwamba muda wa kwenda shule ulipungua kwa zaidi ya thuluthi moja na utoro kwa zaidi ya robo.

Mifano hiyo husomwa kama habari za wasichana na shule. Kwa kusini mwa Maniema ina funzo la pili. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeendesha, naye yuko safarini na mzigo wake kwa siku kadhaa. Aliyebaki na mtoto ni mama, na mama asiyejua kuendesha hawezi kusikia kwa sikio lake kwamba breki inakwaruza chuma. Anaweza kusema "angalia barabara", lakini hawezi kuonyesha kuangalia kunafanyikaje. Ukimfundisha mtoto peke yake, anarudi jioni kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kumsahihisha.

Kuna pingamizi la heshima, na halifai kudharauliwa. Kasongo ni mji wenye Uislamu wa tangu karne ya 19, na tangu 1959 ni makao ya dayosisi ya Kikatoliki. Katika jumuiya zote mbili wapo wanaoona kwamba mwanamke juu ya baiskeli si jambo la staha. Jibu ni kupanga somo vizuri: mwalimu mwanamke, uwanja wenye ukuta, suruali chini ya kitenge, na tangazo linalotolewa na imamu na padri wenyewe. Baiskeli isiyo na bomba la juu huondoa nusu ya mjadala.

Somo lenyewe

Vifaa ni vichache: spana ya namba 15, baiskeli mbili, majivu, maji na bidoni.

Kwanza pedeli hutolewa. Mama na mtoto wanajifunza hapo hapo kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, kwani hesi yake imekatwa upande wa pili ili mwendo usiilegeze. Kiti hushushwa mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini kabisa. Mwanafunzi anasukuma kwa miguu, kama mwendesha chukudu, mpaka aweze kuinua miguu yote kwa hatua kumi bila kuyumba. Baiskeli kubwa za kazi zenye magurudumu ya inchi 28 hazimfai mtoto mdogo kwa hatua hii. Huyo aanzie kwenye chombo cha mbao ambacho seremala yeyote anaweza kukitengeneza.

Kisha somo la majivu. Mwalimu anachora mstari mweupe ardhini. Mama anakuja kwa mwendo wa kawaida na kubana breki zote mbili gurudumu la mbele linapogusa mstari, mtoto anahesabu hatua mpaka aliposimama. Baadaye wanabadilishana. Halafu mwalimu anamimina jagi la maji juu ya rimu za chuma, na zoezi linarudiwa. Umbali unarefuka mbele ya macho yao. Hakuna hotuba inayoeleza msimu wa mvua vizuri kuliko hatua hizo zilizohesabiwa na mtoto kwa sauti. Kinachofuata ni kujifunza kubana breki kidogo kidogo kabla ya mteremko, ili mpira ufute maji.

Zoezi la tatu ni mzigo. Bidoni ya lita 20 ya maji ina kilo 20; ikifungwa upande mmoja tu, usukani unavuta, na mwanafunzi anaelewa mwenyewe kwa nini mizigo hugawanywa.

La nne linamhusu aliyepakiwa. Mguu wa mtoto unaoning'inia karibu na gurudumu la nyuma huingia kati ya spoku, na kisigino ndicho kinachokatika. Ni jeraha linalojulikana vizuri na madaktari popote watoto wanapobebwa kwa baiskeli. Pindo la kitenge hufuata njia hiyohiyo. Kipande cha bidoni kuukuu kikikatwa na kufungwa pande mbili za gurudumu kinazuia yote mawili. Fundi wa kinga akiwepo siku hiyo, kila familia inaondoka na kinga hiyo imekwisha kufungwa.

Upande wa barabara

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee kwa wanaoandaa vitabu. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi hupita kulia. Kitabu cha usalama barabarani kilichoandikwa kwa Kiswahili Dar es Salaam au Nairobi kitamwambia mtoto akae kushoto, na kabla ya kuvuka aangalie kulia kwanza. Akitii Kasongo, atakutana na pikipiki uso kwa uso. Lugha ni moja, barabara si moja.

Sheria ya barabara ya Kongo ya mwaka 1978 imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wazazi wengi hawaitumii nyumbani. Kwa hiyo somo linahitaji Kiswahili cha hapo hapo, chenye kanuni za hapo hapo: kaa kulia, geuza shingo juu ya bega la kushoto kabla ya kukwepa shimo, na mzazi akiongozana na mtoto apite upande wa kushoto wa mtoto, kati yake na pikipiki.

Mipaka ya mafunzo

Mapitio ya tafiti duniani yanaonyesha kwamba mafunzo huongeza maarifa na ustadi wa mtoto, lakini ushahidi kwamba mafunzo peke yake hupunguza majeraha ni hafifu. Uholanzi, ambako watoto hufanya mtihani wa baiskeli wakiwa shule ya msingi, zaidi ya watoto 400 walikufa barabarani mwaka 1971. Wazazi waliandamana wakitaka mauaji ya watoto yakome, na miji ikaanza kubadilishwa. Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, na majeraha yakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI.

Hilo linaipa nguvu hoja ya makala hii. Mtoto aliyefundishwa hawezi kuamuru tuta lijengwe mbele ya shule. Wazazi waliokaa juu ya kiti na kuhesabu hatua za breki wanaweza kumwendea chifu na kudai hivyo.

Matokeo nayo yapimwe. Kasongo ina historia katika jambo hili: mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Mradi wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua, na watafiti wake hawakuridhika kuhesabu waliochanjwa, waliuliza ni watoto wangapi waliendelea kuishi. Mafunzo ya baiskeli yaulizwe swali la aina hiyo. Daftari la kituo cha afya, lenye safu ya majeraha ya baiskeli kabla na baada ya mafunzo, litatoa jibu.

Hitimisho

Mafunzo ya baiskeli kusini mwa Maniema yakianzia kwa mtoto na kuishia kwa mtoto, yatazaa vyeti. Yakimchukua mama na mtoto siku moja, kwenye uwanja mmoja, na fundi akiwa pembeni, yatabadilisha breki, mzigo na njia ya kupita. Wakuu wa shule za Kasongo na Kabambare wanaombwa watoe uwanja kwa Jumamosi moja ya mwezi, vituo vya afya vifungue safu ya majeraha ya baiskeli katika daftari zao kuanzia mwezi huohuo, na vyuo vikuu vya Maniema vitume wanafunzi wao kuja kuhesabu.